Kamera Iliyohesabu Lulu

Zulikha alikuwa anakanda unga wa makrut, vitamutamu vya semolina na tende, tangu alfajiri, na ilipofika saa nne mikono yake ilinuka siagi na tende hadi kwenye viwiko. Ndiyo kazi yake. Pale mjini Tlemsani, Aljeria, ukikuta sinia la makrut zimepangwa kama matofali ya msikiti, huna haja ya kuuliza zimetoka jiko gani. Kwa mikono hiyo amelea watoto wawili peke yake, maana mume wake alitoka kununua sigara miaka kumi na tisa iliyopita, na inaonekana foleni bado ni ndefu.

Mikono hiyo inaweza mambo mengi. Jambo moja tu iliwahi kushindwa, na ndugu zake hawakulisahau: kupiga picha.

Ilikuwa hivi. Miaka mitatu nyuma aliolewa Wafaa, binti mkubwa wa dada yake Sakina. Zulikha akajitolea kupiga picha. Bibi harusi alivaa shedda ya familia: kaftani ya mahameli iliyotariziwa nyuzi za dhahabu, kofia ndefu yenye ncha, na mistari ya lulu kutoka shingoni hadi kiunoni. Zulikha akamwelekezea kamera, flashi ikawaka, na dhahabu yote ikairudisha ile flashi ilikotoka. Picha zilipochapishwa, palionekana viatu viwili, na juu ya viatu mwanga.

Mama yao, Lalla Badra, aliishika karatasi muda mrefu.

"Mwanangu," alimwambia Zulikha, "huyu ni mjukuu wangu au ni taa ya barabarani?"

Tangu siku hiyo Zulikha aliitwa Mama Radi. Kila alipokaribia kamera, mtu mmoja alijifunika macho. Alicheka pamoja nao. Maisha yalishamfundisha kwamba anayecheka na wanaomcheka huumia nusu.

Sasa zamu ilikuwa ya Shahinaz, mdogo wa Wafaa. Harusi ilibaki wiki tatu. Na hapo ndipo Lalla Badra alipoteleza bafuni, nyumbani kwa mwanawe kule Ghazawat, pwani, akavunjika nyonga. Daktari alimkataza kusafiri kwa gari hata kama njia ingetandikwa pamba. Kwa hiyo shedda yake, aliyoivaa akiwa na miaka kumi na sita, ingekwenda harusini bila yeye.

Alipiga simu. Sakina na Zulikha walisogeza masikio pamoja.

"Nataka picha moja," alisema bibi yule. "Ya karatasi. Mambo ya kwenye simu siyataki, macho yangu na simu havisalimiani. Na sikilizeni. Katikati ya lulu zile kuna moja ambayo si lulu. Niliitunga mwenyewe, sijapata kumwambia mtu. Nikiiona kwenye picha, nitajua nimemwona mjukuu wangu. Nisipoiona, mmeniletea taa nyingine."

Wakamuuliza ni ipi. Akakata simu.

Wewe msomaji utasema, si wamkodi mpiga picha mwenye kazi yake? Sakina hakutaka kusikia. Mwaka uliotangulia, picha za karamu ya wanawake wa mtaa wa pili zilitokea mtandaoni, wanawake wenye heshima zao wakionekana wanacheza vichwa wazi. Uchumba mmoja ulivunjika pale pale. Tangu hapo, kwenye kila harusi ya wanawake, mtu husimama mlangoni na kubandika karatasi ya gundi juu ya jicho la kila simu. Mpiga picha wa nje huondoka na kadi yenye picha zote, naye humjui analala wapi. Kwa hiyo ilihitajika kamera ya nyumbani, mkononi mwa mtu wa nyumbani, na kadi ibaki kwa mama wa bibi harusi.

"Nipe mimi," alisema Zulikha. "Doa ni langu. Nitalifua mwenyewe."

Sakina akasema sawa, lakini kwa sauti ya mtu anayemkabidhi paka samaki.

Zulikha alikwenda sokoni siku ya Alhamisi. Muuzaji mmoja alimwonyesha kamera nyekundu inayong'aa kama tufaha. Kwenye boksi iliandikwa megapikseli sitini na nne. Inavuta karibu mara kumi na sita. Na zaidi ya hayo, alisema muuzaji, picha zinaruka zenyewe hewani hadi kwenye simu. Alitaka dinari elfu ishirini. Zulikha, ambaye amebishana na wauza tende maisha yake yote, alimshusha hadi elfu kumi na mbili, na muuzaji akaapa kwamba amemwibia. Ili kuwa na uhakika, Zulikha alimpiga picha muuzaji huyo huyo pale nje, juani. Ukaonekana kila unywele wa sharubu zake. Akarudi nyumbani amenyoosha shingo.

"Zinaruka kwenda wapi?" aliuliza Sakina.

"Kwenye simu."

"Simu ya nani?"

Zulikha akasema afadhali waijaribu kwanza. Wakaitoa shedda sandukuni, wakamvalisha Shahinaz kwenye chumba cha ndani, mapazia yamefungwa, maana majirani wana macho. Zulikha akabonyeza. Kamera ikawaza. Shahinaz akatabasamu, akachoka kutabasamu, akapiga chafya, na hapo ndipo kamera ikapiga. Ilikuwa chafya ndani ya mwanga. Wakazima flashi. Safari hii bibi harusi alitoka kama amepigwa picha kupitia gunia la semolina, chenga tupu. Lulu zilikuwa zimeungana zote kuwa uji.

Shahinaz alivua kofia, akauliza kama chai ipo. Wema wake ulimchoma Zulikha kuliko matusi.

Jioni hiyo Najiya, jirani wa ghorofa ya chini, alipanda kuchukua sinia lake la makrut. Najiya anafanya kazi makumbusho, sehemu ya mavazi ya kale. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akipiga picha majoho, mishipi na kofia za dhahabu kwa ajili ya daftari la makumbusho, kimoja kimoja, amevaa glavu nyeupe za pamba. Ni mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache, kana kwamba anayanunua. Zulikha alikuwa akimwona kila siku kwenye ngazi na hakuwahi kufikiri kwamba kazi hiyo ni kazi. Sasa alimwonyesha ile picha ya sharubu na ile ya semolina, akasubiri kuchekwa.

Najiya hakucheka. Aliigeuza kamera, akasoma maandishi madogo kwenye ukingo wa lenzi, akaomba kiti.

"Dada Zulikha, ukipakua kuskusi kwenye sinia moja dogo, ukaita watu kumi na wawili, watakula?"

"Watakula."

"Ukiita sitini na wanne?"

"Kila mmoja atapata punje na aibu."

"Basi ndiyo hii. Ndani ya kamera kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga. Hicho ndicho sinia. Megapikseli ni walaji. Hapa wamealikwa sitini na wanne kwenye sinia dogo kama ukucha. Nje juani chakula ni kingi, kila mtu anashiba, ndiyo maana sharubu za yule bwana zimeonekana. Ukiingia ndani kwenye kiza, mwanga ni mchache, wote wanalala njaa. Zile chenga unazoziona ndiyo njaa yao."

Zulikha alimtazama. Kwa miaka mingi amesikia wanaume dukani wakitaja namba hizo kama wanataja ukoo wao, na hakuna aliyewahi kumwambia maana yake. Huyu alitumia sinia moja tu.

Akauliza juu ya kuvuta karibu mara kumi na sita. Najiya akaiwasha kamera, akavuta. Lenzi haikusogea hata kidogo. Akaeleza kwamba kamera ya kweli hutoa lenzi yake nje, vioo vya ndani vikasogea, kitu kikaja karibu. Hii haisogezi chochote. Inakata kipande cha katikati ya picha na kukitanua.

"Kama kutanua unga uliokwisha," alisema Zulikha polepole. "Unatoboka."

"Unatoboka," alikubali Najiya.

Kuhusu kuruka hewani, Najiya alisema kweli: kifaa cha kurusha picha mara nyingi kinaweza kuzimwa, na picha haziendi mahali mpaka mtu aziagize. "Lakini utawaeleza hivyo wanawake mia mbili mlangoni, mmoja mmoja? Kwa harusi zetu, chukua isiyo nacho kabisa. Zipo, hasa za miaka ya nyuma, na nzuri."

Kesho yake Zulikha alirudi sokoni. Muuzaji alikuwa amehamia kwenye biashara ya miavuli na hakukumbuka kamera yoyote. Walibishana hadi adhana ya adhuhuri. Zulikha alirudi nyumbani na nusu ya pesa zake na mwavuli mmoja.

Jumamosi, Najiya akiwa na mapumziko, walikwenda pamoja kwenye duka la Ghuti, mzee wa makamo anayeuza kamera mpya na zilizotumika. Zulikha alidhani Najiya angeuliza bei. Badala yake alifungua mkoba, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa kipande cha mahameli chenye tarizi ya dhahabu na uzi wa lulu bandia, arobaini kamili. Akavitandika mezani. Kisha akamwomba Ghuti azime taa.

"Bibie," alisema Ghuti, "umekuja kununua au kuniibia?"

"Harusi itakuwa ndani, Bwana Ghuti. Kwa nini nijaribu kamera mahali ambapo harusi haipo?"

Ghuti akazima taa. Ukabaki mwanga ulioingia mlangoni.

Zulikha hakuwahi kuona mtu akinunua hivyo. Najiya alichukua kamera ya kwanza, akazima flashi, akapiga, akaikuza picha kwenye kioo, akaanza kuhesabu lulu kwa ncha ya kalamu. Zilipofika kumi na nne zikachanganyika. Akaiweka pembeni. Ya pili ilifika ishirini na sita. Akamwomba Ghuti ajimiminie chai kutoka juu, kama desturi, naye akabonyeza wakati mkondo unashuka. Kwenye picha birika lilikuwa limeshawekwa chini.

"Hii itafika harusini keshokutwa yake," alisema Zulikha, na kwa mara ya kwanza Najiya akacheka.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, nene kama kipande cha sabuni, imechubuka pembe moja. Megapikseli kumi na mbili tu. Zulikha aliionea haya kabla haijawashwa, akanong'ona kwamba ina sura ya mkaa.

"Unatafuta mpiga picha au bwana harusi?" aliuliza Najiya.

Ikahesabu lulu zote arobaini. Ikaukamata mkondo wa chai hewani, unang'aa kama waya. Najiya akamwonyesha namba iliyo kwenye ukingo wa lenzi, mbili nukta kitu, na kumwambia kwamba hapo namba ndogo ni dirisha kubwa, mwanga mwingi unaingia. Ina kitu kinachotuliza mtikisiko wa mkono. Lenzi yake inatoka nje kweli.

Lakini ilikuwa imetumika, kwa hiyo Najiya hakuishia hapo. Aliiwasha na kuizima mara tano, sikio likiwa karibu, kusikia kama lenzi inasaga mchanga. Aliielekeza kwenye ukuta mweupe kutafuta madoa ya vumbi la ndani. Akafungua mlango wa betri kuona kama kuna kutu, akauliza kama betri za aina hiyo bado zinauzwa. Ghuti alianza kumtazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu aliyekuja bila taarifa. Mwishowe akawapa kwa elfu kumi na nane, na betri mbili, chaja, na karatasi ya dhamana ya miezi sita yenye mhuri wake.

"Ukitafuta kazi," alimwambia Najiya, "kiti hiki ni chako."

Zilibaki siku kumi na tatu. Kila jioni, baada ya kutoa makrut tanuruni, Zulikha alishuka kwa Najiya. Alipiga picha sufuria, paka, na mjomba wa Najiya aliyesinzia. Alijifunza kuzima flashi na kuweka taa pembeni, kwa sababu dhahabu hupenda kuangaliwa kwa upande. Alijifunza kuegemeza viwiko mbavuni. Alijifunza kubonyeza nusu, kamera ikaona, ikatulia, ndipo amalizie. Kosa alilozoea ni kupiga picha moja na kuondoka nayo kwa kiburi. Najiya akamwambia kwamba yeye makumbusho, kwa joho moja lisilopumua wala kupepesa macho, hupiga mara thelathini.

Siku ya harusi ikafika. Mlangoni pa ukumbi alisimama mama mmoja mpana aliyeshika bunda la karatasi za gundi, na hapakupita simu bila kufungwa jicho. Aliiona kamera.

"Na hii?"

"Haina mtandao, dada. Haina hata njia ya kuuwekea. Picha zinakaa kwenye kadi hii, na kadi hii usiku inalala kwa mama wa bibi harusi."

Mama yule aliigeuza mara mbili, akatafuta mahali pa kubandika, akakosa sababu. Akampisha.

Shahinaz aliingia amefunikwa uso. Wanawake walisimama, wakamzunguka mistari minne, na Zulikha akajikuta nyuma ya mabega ya shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye mabega. Zamani angepenya kwa viwiko. Sasa viwiko alikuwa na kazi navyo. Mapema mchana alikuwa amemwomba mwenye ukumbi asogeze taa mbili za kusimama upande wa kiti cha bibi harusi, na zilikuwa pale. Alipanda juu ya stuli. Akavuta karibu, lenzi ikatoka taratibu kama kobe. Akabonyeza nusu. Akangoja.

Ushungi ukainuliwa. Vigelegele vikalipuka. Uso wa mtoto aliyemwogesha kwa mikono yake mwenyewe ulitokea katikati ya dhahabu, mashavu yamepambwa madoa mekundu, na macho ya Zulikha yakajaa machozi hadi kioo cha kamera kikawa ziwa. Hakuona kitu. Akamalizia kubonyeza, na tena, na tena, kamera ikiitika kila mara bila kuwaza.

Picha hazikupelekwa studio. Zilichapishwa chumbani kwa Najiya, kwa mashine yake ndogo, mlango umefungwa, Sakina amekaa juu ya kiti kama askari. Ya nne ndiyo iliyokuwa yenyewe. Walipoiona ikitoka kwenye mashine, kichwa kwanza, kisha lulu mstari kwa mstari, Sakina alimshika dada yake mkono na hakuuachia.

Zulikha mwenyewe aliipeleka Ghazawat, kamera ikiwa mkobani, pamoja na sinia la makrut kama shahidi wake mwema. Lalla Badra alikuwa kitandani karibu na dirisha. Alivaa miwani, juu ya miwani akaweka kioo cha kukuzia, akaanza juu.

"Mstari wa nne umepinda," alisema. "Nani amemvalisha?"

Zulikha akasema ni mvalishaji. Bibi akaguna, akaendelea. Kidole kilishuka polepole kama mtu anayesoma barua. Kwenye mstari wa saba, upande wa moyo, kikasimama.

"Njoo uone."

Zulikha akainama. Shedda ile ameibeba mara ishirini, ameikunja, ameipumulia. Hakuwahi kukiona. Katikati ya lulu kulikuwa na kitu cheupe bapa, chenye tundu mbili.

"Lulu gani ina tundu mbili usoni?" alisema Lalla Badra. "Wakati wa vita vya uhuru, baba yenu alipokuwa gerezani, askari walikuja kupekua. Nilikuwa naificha shedda, uzi ukakatika. Nikaziokota zote usiku ule isipokuwa moja. Nikakata kifungo cha shingoni cha shati lake la harusi, nikakitunga mahali pake. Alipotoka alilivaa shati lile miaka saba, limeachama shingoni. Hakuuliza. Nami sikusema."

Aliiweka picha kifuani, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Nani amepiga?"

"Mimi, mama."

"Wewe, Mama Radi?"

"Mimi."

Bibi akamtazama juu ya miwani. Kisha akaurekebisha ushungi wake, akaketi wima kadiri nyonga ilivyomruhusu, na kuinua kidevu kama msichana wa miaka kumi na sita.

"Basi na mimi nipige," alisema. "Lakini ile taa yako sitaki."

Zulikha alikuwa ameshaizima flashi. Alisogeza pazia ili mwanga wa bahari uingie kwa upande, akaegemeza viwiko mbavuni, akabonyeza nusu.